Unasoma na Nani?

Kidole kimoja hakivunji chawa. Methali hii nimeisikia tangu nikiwa darasa la pili, nimeiandika kwenye insha sijui mara ngapi, na kwenye mitihani ya Kiswahili imenipatia alama. Lakini maana yake hasa niliipata nikiwa na miaka 20, mbali na nyumbani, siku niliporudishiwa karatasi ya jaribio la kalkulasi yenye wino mwekundu juu: 41 kwa 100.

Ndugu msomaji, usinicheke. Mimi nilikuwa mtoto wa PCM. Katika shule ya bweni niliyosoma kidato cha tano na cha sita, hisabati ndiyo ilikuwa ugali wetu. Nilipopata ufadhili wa kwenda kusoma uhandisi wa umeme Marekani mwaka 2016, mtaa mzima ulijua. Mama alipika maandazi ya kuwapa majirani, na baba akanipa nasaha moja tu: "Mwanangu, unakwenda kusoma. Usijichanganye na makundi ya watu. Jitegemee."

Nikajitegemea kweli. Katika ukumbi wa mihadhara tulikuwa wanafunzi kama 200, na weusi tulikuwa watatu. Nilikuwa nakaa mbele, naandika kila neno, narudi chumbani, nafunga mlango, kisha napiga msuli hadi saa nane za usiku. Swali likinishinda naliruka. La pili nalo likinishinda, nalala. Kumwuliza mtu niliona haya. Ningemwuliza nani? Wenzangu walikuwa na vikundi vyao tangu wiki ya kwanza, nami niliogopa kuonekana ndiye yule anayesemwa kwamba kaingia kwa huruma. Nilipokwenda na ile 41 yangu kwa mshauri wa masomo, aliitazama, akaniambia kwa upole kabisa kwamba uhandisi si wa kila mtu, na kwamba zipo shahada nyingine nzuri tu. Upole ule uliniuma kuliko tusi.

Kule nje nilikutana na kijana mmoja, mzaliwa wa Gary, mji wa viwanda vya chuma katika jimbo la Indiana. Ni mmoja wa wale weusi watatu. Aliniona usoni. Hakuniuliza nimepata ngapi. Aliniuliza: "Dada, wewe unasoma na nani?"

Nikamwambia nasoma peke yangu. Akatikisa kichwa kama fundi gereji aliyekwishasikia mlio wa injini na kujua ugonjwa. Akanialika Alhamisi jioni kwenye mkutano wa chama chao, Chama cha Taifa cha Wahandisi Weusi, NSBE kwa kifupi, ambacho wenyewe hukitamka "Nezbi".

Sikwenda. Na hapa lazima niseme ukweli hata kama unaniaibisha. Neno lenyewe "wachache" lilinikera. Kwetu mimi si mchache! Nilipanda ndege nikiwa mmoja wa wengi, nikateremka nikaambiwa ni mmoja wa wachache. Nilijiambia kwamba hayo ni mambo ya Wamarekani wao kwa wao, mimi nimekuja kuchukua shahada na kurudi. Na ndani kabisa kulikuwa na kiburi kibaya zaidi, kile tulichokinywa kutoka kwenye sinema, kwamba Mmarekani Mweusi ni mtu wa mpira na muziki, sasa atanifundisha nini mimi wa PCM?

Nilikwenda wiki ya tatu, na nilichofuata ni pitsa ya bure wala si undugu. Nikakuta watu kumi na wawili, ubao umejaa, wanabishana kuhusu swali lilelile lililonilaza macho. Ukutani palikuwa na picha ya vijana sita weusi wa miaka ya 1970. Nikauliza, hawa ni nani? Makala haya yametokana na swali hilo.

Turudi nyuma kidogo, tuende Purdue. Si chuo nilichosoma, lakini ndiko hadithi inakoanzia. Purdue ni chuo kikuu cha jimbo la Indiana, kiko West Lafayette, na kwa uhandisi kina jina kubwa. Neil Armstrong, mtu wa kwanza kukanyaga mwezi Julai 1969, alihitimu hapo uhandisi wa ndege mwaka 1955. Basi ukitaka kujua Marekani ya wakati ule ilikuwa nchi gani, weka habari mbili pamoja. Chuo hicho kilimlea mtu aliyefika mwezini, lakini hadi baada ya Vita Kuu ya Pili wanafunzi weusi hawakuruhusiwa kulala katika mabweni yake. Mwaka 1947 ndipo ndugu wawili wa kike, Frieda na Winifred Parker, walipoingia bweni la wasichana, tena baada ya suala lao kufikishwa kwa gavana wa jimbo. Kumbe kufika mwezini kulikuwa rahisi kuliko kuvuka barabara na kuingia bwenini!

Miaka ishirini baadaye mabweni yalikuwa wazi lakini madarasa yalikuwa bado mageni. Mei 1968, mwezi mmoja tu baada ya Martin Luther King kuuawa, wanafunzi weusi wa Purdue zaidi ya 100 waliandamana hadi jengo la utawala, kila mmoja ameshika tofali. Hawakuvunja dirisha hata moja. Waliyapanga matofali yao kwenye ngazi, wakaweka bango la kuonya kwamba safari nyingine itakuwa moto, wakasoma madai yao. Mwaka uliofuata chuo kikafungua kituo cha utamaduni wa watu weusi.

Lakini kituo cha utamaduni hakikupi jibu la hesabu. Historia ya NSBE yenyewe inasema kwamba mwishoni mwa miaka ya 1960, kati ya kila wanafunzi weusi 100 walioanza mwaka wa kwanza wa uhandisi pale Purdue, 80 waliacha njiani. Pale Mlimani, Dar es Salaam, tuna neno letu, kudisko. Fikiria darasa ambalo wanadisko wanane katika kila kumi! Na hao hawakuwa mbumbumbu. Walikuwa vinara wa shule zao, watoto ambao makanisa yao yaliwachangia nauli.

Mwaka 1971 wanafunzi wawili wa shahada ya kwanza, Edward Barnette na Fred Cooper, walikwenda kwa mkuu wa kitivo cha uhandisi na wazo lao. Wanataka chama cha wanafunzi weusi wa uhandisi, kazi yake iwe mbili: kuwavuta weusi zaidi waje, na kuwazuia waliokuja wasitoke. Mkuu wa kitivo alikubali. Akawapa mlezi, Arthur J. Bond, mwalimu mweusi pekee katika kitivo kizima. Hebu fikiri uzito wa mtu huyo mmoja. Kila kijana mweusi aliyeshindwa alimwendea yeye, kila mzungu aliyetaka kujua weusi wanataka nini alimwuliza yeye. Baadaye Bond alikwenda Alabama A&M, chuo cha kihistoria cha watu weusi, akakiongoza kitivo cha uhandisi cha huko hadi kikasimama.

Chama kilibaki cha Purdue peke yake mpaka walipoingia wale vijana sita wa ile picha. Waliitwa Chicago Six kwa sababu wote walitoka Chicago: Edward Coleman, Anthony Harris, Brian Harris, Stanley Kirtley, John Logan na George Smith. Anthony Harris akiwa rais wa chama alifanya jambo ambalo ukilisikia haraka linaonekana dogo. Aliandika barua. Aliwaandikia wakuu wa vyuo na wakuu wa vitivo vya kila programu ya uhandisi iliyotambuliwa rasmi nchini humo, akiwaeleza chama chao na kuwaomba majina ya viongozi wa wanafunzi weusi walioko kwao. Hapakuwa na barua pepe wala makundi ya simu. Ni taipu, bahasha na stempu.

Vyuo kama 80 vilijibu. Na tarehe 10 hadi 12 Aprili 1975, wanafunzi 48 kutoka vyuo 32 walikutana pale Purdue. Arobaini na wanane tu, hawajazi hata basi moja la mkoani. Wakakubaliana kuwa na chama kimoja cha nchi nzima, wakachagua jina, wakachagua na alama, mwenge wenye radi ndani yake. Mwenge, kwa maelezo yao, ni ile hamu isiyozimika ya kufaulu. Radi ni kishindo watakachokitoa katika jamii na katika viwanda. Mimi Mtanzania nilipoiona alama ile nilicheka peke yangu. Tumekua tukiukimbilia Mwenge barabarani, tukipuliziwa vumbi na magari ya msafara, kumbe huku nako wapo watu waliodhani kwamba shida ya giza dawa yake ni mtu kuwasha mwenge na kumpa mwenzake.

Mwaka 1976 chama kikaandikishwa rasmi kisheria. Na jambo ambalo linanishangaza hadi leo ni kwamba, pamoja na kukua hadi kuwa na makumi ya maelfu ya wanachama na matawi hata nje ya Marekani, NSBE imebaki mikononi mwa wanafunzi. Mwenyekiti wake wa taifa ni mwanafunzi. Wafanyakazi wa kuajiriwa wapo, ofisi kuu ipo, bajeti ipo, lakini anayepiga nyundo mezani kwenye mkutano mkuu ni kijana ambaye Jumatatu ana mtihani.

Usidhani Purdue walikuwa peke yao. Miaka ile ya 1970 ilikuwa kama msimu wa mvua, mbegu zilichipua kila mahali. Huko Oakland, California, mwaka 1970, mwalimu wa hisabati Mary Perry Smith wa shule ya sekondari ya Oakland Technical na profesa Wilbur Somerton wa chuo kikuu cha Berkeley walianza na wanafunzi 25 mpango uitwao MESA, wa kuwaandaa watoto kwa hisabati na uhandisi kabla hawajafika chuoni. Mwaka 1973 wanasayansi wenye asili ya Meksiko na wenzao Wahindi Wekundu wakaunda SACNAS. Mwaka 1974, Los Angeles, wahandisi wenye asili ya nchi za Kilatini wakaunda SHPE. Mwaka huohuo makampuni makubwa yakaweka fedha katika NACME, ambayo kazi yake kubwa ikawa kutoa skolashipu. Na mwaka 1977 wanasayansi na wahandisi Wahindi Wekundu, watu waliokuwa wachache kuliko wote, wakaunda AISES.

Wapo watakaosema, haya yote ni matunda ya sheria za haki za raia za 1964 na 1965. Ni kweli, sheria ilifungua mlango. Lakini sheria haikai na wewe usiku wa kuamkia mtihani. Swali la kwa nini wale 80 walitoka njiani lilibaki palepale, na kila mtu alikuwa na jibu lake mfukoni: hawana ari, hawakuandaliwa vizuri, wazazi wao hawajali elimu, ni maskini.

Aliyekwenda kuchungulia badala ya kubuni ni Uri Treisman, aliyekuwa mwanafunzi wa uzamivu pale Berkeley katika miaka hiyo ya 1970. Aliwauliza kwanza walimu, nao wakampa majibu hayohayo manne. Kisha akachagua wanafunzi weusi 20 na wanafunzi Wamarekani wenye asili ya China 20, wote wa kalkulasi, akafuatana nao kwa karibu mwaka mmoja na nusu. Aliwafuata maktaba, aliwafuata mabwenini, alikwenda hadi makwao. Majibu yote manne yakaanguka. Wale weusi walikuwa na ari. Wengi walitoka shuleni na sifa nzuri. Wazazi wao walijinyima ili wasome.

Tofauti aliikuta mahali ambapo hakuna aliyeitafuta. Wanafunzi weusi walifuata ushauri wa chuo sawasawa, saa mbili za kujisomea kwa kila saa moja ya darasani, yaani saa kama 8 kwa wiki, na walisoma peke yao. Kati ya 20, 18 hawakuwahi kabisa kusoma na wenzao wa darasa. Marafiki walikuwa nao, lakini urafiki ulikuwa upande huu na masomo upande ule, havikukutana. Wale wenye asili ya China walisoma saa kama 14. Kwanza kila mtu peke yake, halafu jioni wanakutana, wanakula, wanalinganisha majibu. Swali likiwashinda wote, wanajua kwamba ni gumu kweli. Likimshinda mmoja, anajua kwamba ni yeye aliyekosea, na anaonyeshwa wapi. Mwanafunzi mweusi chumbani mwake hakuwa na namna ya kujua. Swali gumu kwa wote alilichukua kuwa ushahidi kwamba yeye ni mjinga.

Nilipoyasoma hayo nilifunga kitabu. Mlango uliofungwa, saa nane za usiku, swali linalorukwa: jamaa yule alikuwa ameniandika mimi kabla sijazaliwa.

Na Treisman hakuishia kwenye kutambua ugonjwa. Mwishoni mwa miaka hiyo, chini ya mpango wa Berkeley wa kuwaendeleza wanafunzi wa jamii za wachache, alianzisha warsha za hisabati. Hazikuwa tuisheni ya wanaofeli. Waliitwa wenye nia ya kufanya vizuri, wakapewa maswali magumu kuliko ya darasani, wakaketi katika vikundi vidogo, wakaambiwa: fanyeni, elezaneni. Mwalimu alizunguka tu. Waliohudhuria walipanda alama, wakawaacha mbali weusi wenzao wasiohudhuria, na mara nyingi wakawapita wenzao wa rangi nyingine pia. Kichwa kilikuwa kilekile, kilichobadilika ni meza tu.

Wazo hilo limezaa matunda makubwa zaidi huko Maryland. Mwaka 1988 tajiri mmoja, Robert Meyerhoff, na mkewe Jane walitoa fedha kwa chuo cha UMBC kuwasaidia vijana weusi wasome sayansi. Aliyepewa kazi ni Freeman Hrabowski, mwanahisabati mweusi ambaye mwaka 1963, akiwa na miaka 12, aliandamana na watoto wenzake kule Birmingham, Alabama, akawekwa korokoroni siku tano. Kundi la kwanza, la vijana 19, wote wanaume weusi, lilianza 1989. Mwaka uliofuata wasichana wakaingia. Masharti yake yalikuwa makali: maandalizi ya pamoja wakati wa kiangazi, kuishi pamoja mwaka wa kwanza, kusoma kwa vikundi, na kutafuta msaada hata kama una alama ya B, maana lengo si kupita bali kuongoza. Mmoja wa wahitimu wa mpango huo, wa mwaka 2008, ni Kizzmekia Corbett. Huyo ndiye mwanasayansi ambaye mwaka 2020, akiwa katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, alikuwa mmoja wa walioongoza utafiti uliozaa chanjo ya UVIKO iliyotengenezwa pamoja na kampuni ya Moderna. Chanjo hiyo ilichanja mikono ya watu wa kila rangi, wakiwemo bila shaka wale wanaosema kwamba mipango kama hii ni upendeleo.

Maana kelele hizo hazikukosekana. Mwaka 1994 mahakama ya rufaa iliamua kwamba skolashipu ya weusi peke yao katika chuo kingine cha jimbo hilohilo la Maryland haikubaliki kikatiba, na mwaka 1996 mpango wa Meyerhoff nao ukafunguliwa kwa watu wa rangi zote. Mwaka huohuo wapigakura wa California walipiga marufuku vyuo vya umma vya jimbo lao kutazama rangi. Juni 2023 Mahakama Kuu ya Marekani ikavizuia vyuo kufanya hivyo katika kuchagua wanafunzi. Na Januari 2025 serikali ya shirikisho ikaanza kufuta programu za usawa katika idara zake na kuvibana vyuo vifanye vivyo hivyo. Ofisi nyingi za vyuo zilifungwa au kubadilishwa majina.

Je, hadithi imekwisha? Mimi nasema hapana, ila sitaki kuwadanganya kwa maneno matamu. Kukaa meza moja si dawa ya kila kitu. Pale kwenye kikundi chetu tulimpoteza dada mmoja aliyekuwa mkali kuliko sisi sote. Hakufeli. Ada ilimshinda, mama yake aliugua, akarudi kwao kufanya kazi ghalani. Kusoma pamoja hakulipi bili ya hospitali. Kwa hiyo anayesema "vijana wajiunge tu, fedha si kitu" naye ni mwongo, kama yule anayesema hawana ari. Hata ile barua ya Anthony Harris ilihitaji wakuu wa vitivo 80 wenye moyo wa kuijibu, na Meyerhoff bila fedha za Meyerhoff ingebaki ndoto ya Hrabowski.

Lakini nimejifunza kutofautisha mambo mawili. Kuna msaada unaotoka juu, na huo aliyekupa anaweza kukunyang'anya kwa saini moja. Na kuna kile ambacho wale 48 walikifanya mwaka 1975, cha kuulizana majina na kuketi. Mwaka 1971, Barnette na Cooper walipogonga mlango wa mkuu wa kitivo, hawakumwomba awapunguzie alama za kufaulu. Waliomba ruhusa ya kutafutana. Mkutano wa watu wanaofundishana kalkulasi ni vigumu kuufuta kwa amri, kwa sababu hauhitaji ofisi, unahitaji ubao.

Sasa kuhusu nasaha ya baba. Niliporudi likizo nilimsimulia yote haya. Alinisikiliza, kisha akasema, "Lakini mimi nilikwambia ujitegemee, na umefaulu." Nikamwuliza, "Baba, Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikuwa la nini?" Akanijibu kama mtu wa umri wake anavyojibu, bila kufikiri, "Ujamaa na Kujitegemea." Halafu akanyamaza. Nilimwona analirudia lile neno la kwanza midomoni. Sisi tumelishika neno la pili tukaliacha la kwanza njiani, tukafikiri kujitegemea ni kujifungia. Na mbaya zaidi, mimi nilikuwa nakijua kitu hiki tangu zamani! Shuleni kwetu, baada ya prepo, taa kuu zikizimwa, tulikuwa tunajibanza chini ya taa ya korido, wasichana saba na daftari moja, tunapiga diskasheni hadi matroni atufukuze. Hakuna aliyetufundisha. Tulikuwa hatuna vitabu vya kutosha, basi kitabu kimoja kilisomwa na watu saba, na aliyeelewa alieleza. Nilivuka bahari nikakiacha kile cha maana chini ya ile taa, nikadhani ni dalili ya umaskini wetu.

Baba alikaa kimya muda mrefu. Mwisho aliuliza, "Na yule kijana wa Gary, alipata kazi?"

Alipata. Ni mhandisi wa mitambo ya umeme, na Jumamosi anakwenda kwenye shule ya msingi aliyosoma, anawafundisha watoto hesabu. Wale Wamarekani Weusi niliowadharau ndio walionitoa kwenye 41. Mtihani wa mwisho wa muhula ule nilipata 78. Si alama ya kumwandikia mtu barua nyumbani, lakini sikudisko wala sikwenda kwenye zile shahada nyingine nzuri tu.

Leo nafundisha mafunzo kwa vitendo katika chuo kimoja cha ufundi hapa Tanzania. Darasa langu la umeme lina wanafunzi 34, wasichana ni wanne. Wanakaa mistari tofauti, kila mmoja kona yake, kila mmoja ameinamia daftari lake kana kwamba amelifunika lisiibwe. Wiki iliyopita mmoja wao alikuja na karatasi yake, macho chini, akitaka nimwambie kama abadilishe kozi. Niliitazama ile alama. Nikavuta kiti akae, nikamwuliza anasoma na nani.